Ndoa Iliyotakiwa Kuitwa Dhambi

Jumapili iliyopita mwenzangu wa chumba alishikwa na mafua, akachemsha majani ya mikaratusi katika sufuria yetu ya chai. Mvuke ulipoanza kupanda nilifunga kitabu nikatoka nje. Alidhani nimekasirika kwa ajili ya sufuria. Sikukasirika. Kwangu mimi harufu ile ni ya chumba kimoja cha matofali katika kampi ya wafanyakazi wa reli ya Kamina, huko Kongo, ambamo watu niliowapenda walibishana juu ya roho ya mwanamke aliyekuwa bado hai, amelala palepale mkekani, akiwasikia.

Sisi tuliobahatika kufika chuo kikuu tunapenda sana kubishana habari za dini. Bwenini, katika jioni moja tu, unaweza kusikia Mungu akikanushwa, akatetewa, kisha akakanushwa tena, na mara nyingi wa kwanza kumkanusha ni mimi. Lakini likija lile swali la kama mtu huokolewa kwa imani au kwa maisha yake mema, nanyamaza, na wenzangu hushangaa. Swali hilo nalijua tangu meno ya utoto yalipokuwa yakining'oka, na lilipokuja kwetu halikuja kama hoja. Lilivua kofia, likakaa kwenye kiti chetu, likataka kujibiwa kabla mgonjwa hajafa.

Mgonjwa alikuwa Nkambo. Ndivyo sisi Waluba tunavyomwita mzazi wa mzazi. Alikuwa mama yake Mama, na alihamia kwetu mume wake alipofariki kijijini. Tata, yaani baba yangu, alikuwa na kazi ya kugeuza reli pale stesheni, ili treni za kutoka kusini zisiingie katika njia ya zile zinazokwenda Kasai. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nkambo naye hakuwa na mengi. Kila asubuhi alichemsha maji ya chumvi, akavuka uwanja kwenda kwa jirani yetu Mwadi, mjane mwenye kidonda cha mguu kilichokataa kupona, akamwosha. Kidonda kile kilinuka. Sisi watoto tulipita mbali tukiziba pua. Nkambo alikaa chini, akauweka ule mguu mapajani kama mtu anayemenya mihogo, huku akimsimulia Mwadi umbea wa kisimani hadi mgonjwa akacheka.

Hakuwa amebatizwa, wala na Wakatoliki wala na Waprotestanti. Sababu yake niliijua vipandevipande, kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani. Nkambo alikuwa mke wa pili. Mapadri, wale tuliowaita mupe, walipofika kijijini mwao walisema mwanamume abaki na mke mmoja, yule wa kwanza, na wengine warudi kwao. Mke wa kwanza akabatizwa na watoto wake. Nkambo akaambiwa: mwache huyu mtu, nawe utapata maji. Wanasema alijibu, kwa Kiswahili chetu ambamo minyi ni mimi na njo ni ndiyo, "Minyi nikienda, nani atamupikia huyu muzee? Mwenzangu iko na mugongo, hawezi kupiga mutwango." Akabaki. Kwa hiyo Mama alikua akisimama mlangoni mwa kanisa siku za sikukuu, akiwatazama ndugu zake wa baba mmoja wakiingia ndani na mashati meupe.

Nadhani ndiyo maana Mama, alipoolewa akaja kampini, aliwakimbilia Waprotestanti. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Yeremia, mtu aliyepakia makaa ya mawe kwenye injini siku za kazi na kuhubiri siku ya Bwana, makaa yakiwa bado katika mikunjo ya shingo yake. Yeye hakumwuliza Mama alizaliwa na mke wa ngapi. Alimwambia: amini tu. Mama aliamini kwa nguvu zote za mtu aliyesimama nje muda mrefu. Alibatizwa mtoni akiwa na mimba yangu, na alipenda kuniambia kwamba mimi nililowa kabla ya kuzaliwa.

Kikohozi cha Nkambo kilianza majira ya vumbi, kikakataa kuondoka. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akamwambia Tata pembeni kwamba kifua kile kimechoka. Mama akaanza kuchemsha mikaratusi asubuhi na jioni. Lakini nilimwona kwamba hakuhofia kifua. Alihofia kitakachokuja baada ya kifua. Alikuwa akikoroga uji, mara mkono unasimama, macho yanakwenda kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa, na uji unaungua.

Hofu ile ilinipata na mimi, ila kwa njia yangu ya kitoto. Mwalimu Yeremia alikuwa ametoa mahubiri yaliyowafurahisha sana wafanyakazi wa reli. Alisema wokovu ni kama permi, ile karatasi ya kusafiria ambayo reli huwapa watu wake wakati wa likizo. "Nani hapa alishaka kulipa permi?" aliuliza. Watu wakajibu, "Hakuna!" "Unaipata juu ya nguvu yako? Juu ya uzuri yako?" "Hapana!" "Njo vile neema iko. Unapewa bure. Weye shika tu mu mukono!" Watu wazima walisema amina. Mimi nilibaki nimeganda kwenye benchi, kwa sababu permi niliijua. Ndani yake waliandikwa Tata, mke wake mmoja, na watoto. Mama wa mke hakuandikwa. Tulipokwenda likizo Nkambo alibaki kampini akitupungia mkono.

Nikakata shauri kwamba ndivyo itakavyokuwa siku ile ya mwisho. Treni itakuja, sisi tutapanda na karatasi yetu, na mtu mwenye kofia atamtazama Nkambo, atatazama karatasi, kisha atamshusha. Hata nilijua atashushiwa wapi. Atashushiwa Luena. Nilikuwa nimeona migodi ya makaa ya Luena dirishani mwa treni: mashimo meusi, moshi unaotoka ardhini, watu wanaotoka chini wakiwa na macho meupe tu. Mwalimu aliposema jehanamu hakuhitaji kunieleza zaidi.

Tata alipotoka zamu nilimfuata bafuni. "Tata, munaweza kumuandika Nkambo ku permi?"

"Nkambo anaenda wapi na kifua ile?"

"Mbinguni."

Alinitazama, maji yakimchuruzika kidevuni. Halafu akasema, "Ile permi haitoke ku biro yetu ya reli," akaendelea kunawa. Alikuwa anatania, lakini mimi niliona mlango mmoja zaidi umefungwa.

Kisha akaja Mjomba Pio. Alikuwa mtoto wa yule mke wa kwanza, kwa hiyo ndugu wa Mama kwa baba, naye alikuwa katekista wa Wakatoliki kijijini. Alifika kwa baiskeli, suruali imebanwa na kipande cha kamba, rozari ikining'inia mfukoni. Mwalimu Yeremia alikuwa ameshaketi kando ya mkeka. Walisalimiana kama watu wanaogombea kiwanja.

"Mwalimu, asante kwa kutulindia mugonjwa," alisema Mjomba. "Sasa bandugu yake tumefika."

"Katekista, bandugu ya kweli ni bale ba mu imani."

"Imani bila matendo ni kama baiskeli bila cheni. Unakaa juu, unakanyaga, unabaki palepale."

"Na matendo bila imani ni kumwosha Mwadi kila siku na kuenda motoni na mikono safi."

Nilisikia Nkambo akivuta pumzi. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Munaongea juu yangu ao juu ya baiskeli?"

Tangu siku hiyo walikuja wote wawili, mmoja akichelea kumwacha mwenzake peke yake na mgonjwa. Sasa ninapokumbuka naona jambo ambalo mtoto hakuweza kuliona. Walianza safari kutoka pande mbili zisizopatana kabisa. Mmoja alisema matendo ya Nkambo hayana uzito wowote. Mwingine alisema yana uzito mkubwa, na kwamba tendo moja, la kukaa na mume wa mtu, limeyazidi mengine yote. Lakini walipofika mkekani walitaka kitu kilekile. Walitaka akiri, kwa kinywa chake na mbele ya mashahidi, kwamba maisha yake na babu yangu yalikuwa dhambi. Bila hilo hakuna maji. Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoeleza tofauti ya imani na matendo, na sijaona kimoja kinachoeleza jinsi tofauti kubwa namna hiyo ilivyoweza kuishia kwenye kumwaibisha mwanamke mmoja mgonjwa.

Aliyembana zaidi kuliko wote alikuwa Mama. Siku moja, nikiwa nimeshika karai la mvuke, nilimsikia akipiga magoti.

"Mama, sema tu. Neno moja."

"Neno gani?"

"Sema ilikuwa zambi."

Nkambo alikohoa. "Na weye, mutoto wangu, utakuwa mutoto wa nini?"

"Nitakuwa mutoto wa zambi. Haiko kitu. Minyi nilishaka kuokolewa."

"Baba yako alikubeba ku mabega mpaka ukaota maziwa," alisema Nkambo. "Minyi siwezi kuita ile zambi. Ulimi itakataa."

Mama alitoka nje akaliona shoka, akaanza kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa. Mimi nilibaki na karai, nikimchukia Nkambo kidogo. Neno moja tu! Mimi mwenyewe nilisema maneno makubwa zaidi kila siku. Sikujua bado kwamba kuna maneno ambayo ukiyasema yanarudi nyuma na kuvunja nyumba uliyokwisha kuishi.

Nkambo alikuwa amedhoofika mno, hata hakuweza kushika kikombe, wakati yule mke wa kwanza alipofika. Tulimwita Nkambo Mukubwa. Jina lake la ubatizo lilikuwa Marta. Alikuja alasiri, ameegemea fimbo, na mgongo wake ulikuwa umepinda kiasi kwamba aliangalia watu kutoka chini, kama kuku. Hakuna aliyemwita. Chumba kizima kilisimama: Mama, Mwalimu Yeremia, Mjomba Pio. Tata alikuwa ametoka zamu, akasimama mlangoni na buti zake. Nilimwona Mama akishika shavu. Huyu ndiye aliyekuwa mke halisi, mwenye maji, mwenye rozari. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kuja kuiita ndoa ile kwa jina lake baya, ni yeye.

Aliketi kwenye mkeka kwa taabu. Aliugusa mguu wa Nkambo kwanza, kama mtu anayepima joto la mtoto. "Mwenzangu, unaenda na hauniage?"

"Nilikungojea," alisema Nkambo. "Hawa bantu bananichelewesha."

Mjomba Pio alimweleza mama yake hali ilivyokuwa. Alieleza vizuri, kwa heshima, na Mwalimu Yeremia alitikisa kichwa kukubali mahali palipomfaa. Bibi kizee alisikiliza hadi mwisho.

"Pio," alisema, "nani alikuambia baba yako alichukua huyu bibi?"

"Mama, bote tunajua..."

"Munajua nini? Haukuzaliwa. Baba yako hakuchukua muntu. Minyi njo nilimuleta. Mugongo ilikuwa inaniuma, mashamba ilinishinda, nilimuona huyu binti ku kisima, anacheka, iko na nguvu. Nilienda kwa baba yake na majembe ya mahari ku kichwa. Minyi, na hii kichwa. Nilirudi naye, nikamwambia bwana: huyu njo mwenzangu, mujengee nyumba." Alipumzika kidogo. "Kama iko zambi, iko yangu."

Huko nyuma katika reli injini ilikuwa ikigonga mabehewa.

"Sasa unijibu, katekista. Mupe aliponimwangia maji, zambi zangu zilitoka zote ao nusu?"

"Zote, mama."

"Zote. Basi na ile ilitoka. Munamutafutia huyu nini tena? Munataka aoshe sahani yenye ilishaka kuoshwa?"

Tata, mlangoni, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Mwalimu Yeremia akaona ni zamu yake. "Mama, ku mbele ya Mungu kila muntu anabeba mzigo yake mwenyewe."

"Hata weye, Mwalimu? Nilisikia unahubiri kwamba Yesu alibeba mzigo ya bengine. Sasa minyi mwenye mugongo mubaya ndiyo siwezi kubeba ya mwenzangu moja?"

Nilimtazama Mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, nataka wasomaji wajue hilo. Siku ambazo hatukuwa na kuni alituletea vipande vya makaa vilivyodondoka. Midomo yake ilikuwa ikitafuta mstari, na mistari yote aliyoijua ilikuwa upande wa yule bibi.

Nkambo Mukubwa hakumngojea. Alimgeukia mgonjwa. "Mwenzangu, unamwamini Mwana wa Mungu?"

"Ni yule alilisha bantu mingi na mikate kidogo?"

"Njo huyu."

"Namwamini. Ile kazi naijua."

"Munipe maji," akasema Nkambo Mukubwa.

Mjomba Pio alimshika mkono. "Mama, hapana!"

"Weye njo ulinifundisha. Ulisema muntu akiwa karibu kufa, na mupe haiko, kila mukristu anaweza kumubatiza. Ulisema ao hukusema?"

Alikuwa amesema. Alifundisha hivyo kila mwaka. Mkono wake ukalegea. Tata ndiye aliyetoka mlangoni, akachota maji kwa kopo la bati, akalipeleka bila kumtazama mtu yeyote. Nkambo Mukubwa alimwaga polepole kwenye paji la uso la mke mwenzake, akamwita Marta, jina lake mwenyewe, akataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na maji mengine yakaingia masikioni mwa mgonjwa. Nilitoa pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu mahubiri ya permi. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili. Machozi yalipita katikati ya vidole vyake.

Ingeweza kuishia hapo. Ningekuwa mwana wa kanisa hadi leo, pengine. Lakini Nkambo alifumbua macho.

"Na yeye?" aliuliza.

"Nani?" alisema Mjomba.

"Bwana yetu. Nani alimumwangia?"

Hakuna aliyemmwagia. Babu yangu alikufa kama alivyozaliwa, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

"Sasa iko wapi?" aliuliza Nkambo.

Mjomba Pio aliangalia viatu vyake. Mwalimu Yeremia aliangalia Biblia yake, iliyofungwa. Nilingoja. Mtoto hungoja kwa moyo mweupe. Niliamini kabisa kwamba mmoja wao atajibu. Nkambo aliwatazama mmoja mmoja, na ukimya wao ukamjibu. Kisha akainua mkono ule mwembamba, akaufuta uso wake, akakusanya maji yote yaliyokuwa kwenye paji, na akaushusha mkono hadi nje ya mkeka. Akakiweka kiganja kwenye udongo wa sakafu, akakibana pale.

Hata mimi nilijua alichofanya. Kwetu pombe haikunywewa kabla matone ya kwanza hayajaanguka chini, kwa ajili ya waliotangulia. Alikuwa amempa mumewe sehemu yake.

Mjomba Pio alisimama. "Hii ni upagani. Batizo imeharibika. Imeharibika palepale!"

"Katekista anasema kweli," alisema Mwalimu Yeremia.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza walipopatana waziwazi. Walitoka pamoja, mmoja akimpisha mwenzake mlangoni kwa adabu, na nilisikia baiskeli ikisukumwa kwenye changarawe na sauti zao mbili zikienda mbali, hazibishani tena.

Chumbani tulibaki na mvuke. Sikuthubutu kumtazama Mama, kisha nikamtazama. Alichokuwa amekiombea kwa magoti alikipata, na kabla hajakimeza akaona kinamwagwa chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama tena mlangoni, hajui kama aingie au arudi, na safari hii hapakuwa na mwalimu wa kumwambia. Nkambo hakuhangaika naye. Alikuwa akikitazama kiganja chake. Udongo ulikuwa umeyanywa maji yote.

"Marta," alimwita mke mwenzake kwa jina ambalo sasa lilikuwa la wote wawili, "ongeza kidogo. Yule bwana alikuwa murefu."

Nkambo Mukubwa aliinamisha kopo. Lilikuwa tupu. Akalinyoosha mbele, na hakumnyooshea Tata, wala mimi. Alimnyooshea Mama.

Mama hakusogea. Nje injini ilipiga honi, na Tata hakugeuka kuitazama. Kisha Mama akaondoa viganja mdomoni, akajifunga upya kitambaa cha kichwa, akikaza fundo kama alivyofanya kila alipoingia kwenye ibada. Akalichukua kopo, akaenda kwenye mtungi, na akalizamisha mpaka mkono wake ukalowa hadi kwenye kiwiko.